Nataka kadi ya grafiki iliyo kimya, sio lazima iwe na nguvu zaidi. Nachekwa, ila nisikilizeni kwanza

Mtoto_wa_Tabata

Wakuu kwema? Uzi wangu mrefu kidogo, naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanicheka kama walivyonicheka washkaji huku kitaa.

Nina kompyuta ya gemu niliyoiunga mwenyewe kidogo kidogo, Ryzen 5 3600, ramu 16, bodi ya B450, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ni RX 580 ya GB 8 niliyoichukua mtumba Kariakoo mwanzoni mwa 2023. Kwa uwezo sina ugomvi nayo hata kidogo. Mimi nacheza GTA V na gemu za mpira, skrini yangu ni 1080p ya 75Hz, yaani inaonyesha picha 75 kwa sekunde, inanitosha kabisa.

Shida ni kelele na joto. Chumba changu kinapakana na cha bimkubwa, ukuta ni wa tofali lakini juu hakuna silingi, ni bati tupu, kwa hiyo sauti inaruka juu ya ukuta inamkuta kitandani. Nikiingia gemuni dakika kumi tu feni za kadi zinapanda mpaka mizunguko 2,900 na kitu kwa dakika, af unaanza ule mlio, sio mvumo wa feni ya kawaida, ni mlio mwembamba kama blenda ya muuza juisi. Joto linasoma 84, 85. Ikifika saa nne usiku bimkubwa anagonga ukuta na kandambili, mara ya kwanza mbili, nikijifanya sijasikia anagonga tatu na jina langu lote na la ukoo.

Hedifoni ninazo. Mimi sisikii, yeye anasikia. Na jamani hedifoni kwenye chumba cha nyuzi 32 mwezi wa pili hapa Dar, masikio yanachemka, jasho linashuka shingoni, unacheza huku unajipepea.

Nimejibana nina kama laki sita. Washkaji wananiambia kubadili kadi kwa ajili ya kelele ni ushamba, bora nisubiri hela iongezeke nichukue linyama lenye nguvu. Mimi nataka fremu (picha kwa sekunde) zilezile ninazopata leo, ila kimya na isinipikie chumbani. Kuna mwingine anawaza hivi au ni mimi tu? Na kama ipo, ni kadi gani?

Sniper_Mbezi

Mkuu kelele ndio uhai wa mashine, ikinyamaza ujue imekufa 😂😂 Kwa ushauri wangu nunua hedifoni zenye upepo zile za kitambaa, laki sita ongezea ifike milioni uchukue kadi ya maana. Mtu anatoa laki sita kununua ukimya? Mpeleke bimkubwa kwa shangazi wikiendi.

BudaWaUmoja

Wasee wa TZ salamu kutoka Nai. Mimi huyu jamaa namuelewa sana na nadhani Sniper haujawahi kurekodi sauti. Mimi hufanya video za gemu na narekodi usiku juu mchana majirani wana redio, sasa maiki yangu ilikuwa inashika feni za kadi kuliko inavyonishika mimi. Zile programu za kufuta kelele zinasaidia lakini zinakula sauti yako pia, unasikika kama unaongea ndani ya jerikeni. Nilihangaika miezi, nikabadilisha maiki mara mbili, kumbe shida si maiki.

Na hii story ya kelele si ya jana. 2003 Nvidia walitoa FX 5800 Ultra, kadi ilikuwa inapiga kelele mpaka kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kujitania, kadi inatumika kupuliza majani uani. 2013 AMD wakatoa R9 290X, ile ya feni moja ya kupuliza kwa nyuma, ikawa inakaa nyuzi 95 na wao wanasema ni sawa, imeundwa hivyo. Watu walilia hapo. Mwaka uliofuata GTX 970 ikaja na wati 145 tu, na makampuni yakaanza kuuza kadi ambazo feni zinasimama kabisa kama hauchezi kitu. Tangu hapo mtu akizoea hiyo, kurudi nyuma ni ngumu. 2021 ASUS waliungana na Noctua, wale wa feni za kimya, wakatoa RTX 3070 yenye feni za rangi ya kahawia, mbaya kwa macho, nene kama tofali, na watu walinunua. Haikuwa na kasi ya maana kuliko 3070 zingine. Walikuwa wananunua kimya.

Sasa mimi niko Nairobi, Julai usiku huku ni baridi ya kuvaa sweta mbili, PC ndio jiko langu, joto sina ubaya nalo. Wewe wa Dar ndio uko na shida mbili kwa moja.

fundi_bodi

Mtoto wa Tabata shikamana na hela yako kwanza usikimbilie dukani. Ngoja nikueleze kitu kimoja halafu nikupe kazi ya kufanya jumamosi.

Kelele ya kadi haijitegemei. Feni inakimbia kwa sababu ya joto, joto linatokana na wati, wati zinatokana na volti na spidi ya chipu. Ukitaka kuua kelele usishike feni, shika wati. RX 580 imetoka 2017, chipu yake ni ya nanomita 14, na kwenye karatasi inakula wati 185. Mtu aliyekaa ametulia anatoa joto la kama wati 100, kwa hiyo ukiwasha gemu ni kama wameingia watu wawili chumbani kwako, wamefunga mlango, hawatoki mpaka uzime. Chini ya bati. Af unashangaa jasho.

Kitu cha pili ambacho watu hawakijui, kadi haina friji. Inavuta hewa ya chumba chako ilivyo. Unaangalia video ya mzungu anasema kadi hii inakaa nyuzi 65, safi, unanunua, ukifika nayo nyumbani inasoma 76 unasema umeuziwa feki. Sio feki. Chumba chake kilikuwa nyuzi 21, kadi ilipanda 44 juu ya hapo. Chako ni 32, jumlisha 44. Hesabu ileile. Ndio maana mtu wa pwani akichagua kadi inabidi awe mchoyo wa wati kuliko mtu wa Ulaya au huyo ndugu yetu wa sweta mbili.

Sasa swali langu. Umesema umeichukua mwanzoni mwa 2023. Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, waliacha mfumo wa kuchimba (kupata sarafu kwa mahesabu ya kadi) tarehe 15 Septemba 2022, baada ya hapo zile kadi zilimwagwa sokoni dunia nzima, RX 580 zikiwa ndio nyingi maana zilipendwa na wachimbaji. Nakubetia yako ilishakaa kwenye shelfu ya chuma ya wachimbaji miaka kadhaa inazunguka masaa 24. Chipu haina neno, chipu ni ngumu. Kinachochoka ni pesti (ile krimu inayopitisha joto la chipu) na beringi za feni. Ule mlio mwembamba unaosema wewe, mimi nausikia hapa nilipo.

Kazi ya jumamosi. Fungua kadi, skrubu nne zilizozunguka chipu kwa nyuma unalegeza kwa msalaba, moja kidogo hii, moja kidogo ile ya upande wa pili, usimalize moja. Ukiinua hitsinki, lile chuma la mapezi linalotoa joto, usivute kwa nguvu kuna nyaya za feni. Pedi za joto ziangalie, kama hazijachanika ziache hapohapo maana ukiweka za unene tofauti hitsinki haitakaa vizuri kwenye chipu na utaharibu zaidi. Pesti ya zamani futa na spiriti, weka mpya. Kisha ingia kwenye programu ya AMD yenyewe, sehemu ya kurekebisha utendaji, utakuta hatua ya juu kabisa ya chipu imewekwa volti 1150 (ni milivolti lakini sote tunasema volti). Shusha 1050, spidi usiiguse. Matumizi yanafuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo hapo tu umekata kama asilimia 17 bila kupoteza fremu hata moja. Ikiganda ndani ya gemu panda 1070, jaribu tena. Mwisho funga fremu zisizidi 75. Skrini yako haionyeshi zaidi ya hapo, zingine zote kadi inachora inatupa.

Ukimaliza rudi hapa na namba.

Sniper_Mbezi

Hiyo ya kufunga fremu nakataa, fremu nyingi mkono unakuwa mwepesi hata kama skrini haionyeshi.

fundi_bodi

Kwa gemu za kulenga za mashindano nakubali kiasi. Kwa GTA usiku chini ya bati, hapana. Na angalia hata menyu, gemu nyingi menyu hazina kikomo, kadi inachora picha moja iliyosimama mara mia nne kwa sekunde huku wewe umeenda kuchukua maji. 2021 kwenye majaribio ya New World kuna RTX 3090 zilikufa kwenye hilo gemu, kadi za mamilioni, na Amazon wakaja kuweka kikomo cha fremu kwenye menyu. Kadi zenyewe zilikuwa na ulehemu mbovu, sawa, lakini menyu ndiyo iliyozisukuma.

Bint_Malindi

Assalaam aleikum. Mie mtu wa Unguja ila niko Maskati mwaka wa sita huu, nacheza usiku mtoto akishalala, na mlango wa chumba chake hauko mbali na meza yangu, basi kaka wa Tabata nakufahamu vizuri mno. Sisi huku tuna AC na watu hufikiri ukiwa na AC umemaliza. Hujamaliza. Kadi inamwaga joto, AC inafanya kazi zaidi kulitoa, bili inakuja, na mwezi wa sita nje ni nyuzi arubaini na tano hiyo AC haina pa kupumulia.

Nilikuwa na RTX 3080, wati 320. Nimeiuza nikachukua RTX 4070, wati 200. Mume wangu akaniuliza umeongeza nini, nikamwambia sijaongeza kitu, zinakaribiana mno kwa fremu. Akaniangalia tu. Lakini wallahi ni hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye kompyuta hii, chumba hakipandi tena, na nikiwa siko ndani ya gemu feni zimesimama kabisa.

Ila ujue mtego mmoja hawausemi. Feni ziliponyamaza nikaanza kusikia mlio mwengine, mdogo, mkali, kama chenene amejificha ndani ya kesi. Ni koili za kwenye kadi, zinatetemeka umeme ukipita, na fremu zikiwa nyingi ndo zinalia zaidi. Kwenye menyu ya gemu moja ilikuwa inaimba hasa. Nilipofunga fremu kwenye 100 ikatulia, sasa siisikii mpaka niweke sikio. Lakini kadi mbili za aina moja, moja inaweza kulia na nyengine isilie, hata kampuni moja, kwa hiyo ukinunua mtumba mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na gemu, sio aiwashe uone Windows tu.

BudaWaUmoja

Chenene 😂 hiyo nimeiba. Huku Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, ukiambia muuzaji awashe na gemu anakuangalia kama umeuliza akupe duka.

Mtoto_wa_Tabata

Wakuu nimerudi, jumamosi imepita. Fundi heshima yako.

Nilivyofungua nilicheka peke yangu. Kati ya mapezi ya hitsinki kulikuwa na vumbi lakini sio vumbi la kupuliza likatoka, lilikuwa limeshikana kama sufi iliyochovywa mafuta, maana meza yangu iko karibu na dirisha na nje ya dirisha ndipo bimkubwa anapokaangia vitumbua alfajiri. Kwa hiyo kelele anayoilalamikia nusu ni mafuta yake mwenyewe, ila hiyo siwezi kumwambia. Nilitoa kwa mswaki wa zamani na vijiti vya meno, saa nzima. Pesti ilikuwa imekauka imepasuka kama matope ya bwawani kiangazi, pembeni imejaa kwingi na katikati ya chipu hakuna kitu, chipu inang'aa. Na feni moja ukiishika na kidole inacheza kushoto kulia, beringi imekwisha. Kwa hiyo kweli ilichimba, fundi umeniona bila kuniona.

Namba sasa. Chumba nyuzi 31, gemu lilelile, nusu saa:

Kabla ilikuwa 85, feni 2,900 na kitu, programu inasema chipu inakula wati 143.
Baada ya kusafisha na pesti tu, 78, feni 2,300.
Nilivyoshusha volti, 1050 iliganda mara moja nikaweka 1065, na kufunga fremu 75, ikawa 71, feni 1,650, wati kati ya 95 na 110.

Sikuamini. Ile feni yenye beringi mbovu bado inagonga kidogo ikianza lakini ule mlio wa blenda umeisha. Jana nimecheza mpaka saa sita, kandambili haijagonga.

Swali lililobaki, je bado nibadili kadi au nikae na hii?

fundi_bodi

Safi sana. Kutoka 2,900 mpaka 1,650 sio jambo dogo, kelele ya feni haipungui sawasawa na mizunguko, inaporomoka, hapo umeshusha kama desibeli 12, na kila desibeli 10 sikio linasikia ni nusu. Hizo wati 143 lakini ujue ni za chipu peke yake, programu kwa kadi hiyo haihesabu memori na vingine, ndio maana hazifiki 185.

Kubadili au kukaa. Kwa hapo ulipofika ningekaa, ningetafuta feni mbadala za kadi yako, zinaagizwa kwa namba iliyoandikwa nyuma ya feni, bei ya chakula cha siku mbili tatu. Lakini kama roho inataka, kwa laki sita angalia RX 6600 mtumba. Wati 132 kwenye karatasi, plagi moja ya pini 8, paua saplai yako hutagusa, na itakuzidishia fremu bila wewe kuomba. Ukifunga 75 kama ulivyofunga sasa itakuwa imelala. RTX 4060 ni wati 115, bora zaidi kwa wati, ila kwa bajeti yako utasumbuka. Zote zinatumia njia 8 tu za PCIe (njia ambazo kadi inaongea na bodi) na B450 yako ni ya kizazi cha tatu, utapoteza kidogo sana, usiogope.

Angalizo kubwa, namba za wati zisikudanganye ukasahau umbo. Kuna 4060 za feni moja fupi kama kiberiti, wati 115 lakini hitsinki yake ni kidogo, hiyo feni moja itakimbia itakuletea blenda tena. Chukua ya feni mbili au tatu, nene, nzito mkononi. Pima kesi yako urefu kwanza. Zile za blowa, feni moja ya duara iliyozibwa pembeni zinazotoka kwenye maseva na mashine za maofisini, hata ukipewa bure kwa shida yako usichukue.

Na lile jambo la feni kusimama alilosema dada wa Maskati, kwa Dar lina matatizo yake. Feni zinasimama mpaka kadi ifike 50 na kitu ndio ziwashe. Chumba kikiwa 32 kadi bila kazi inaelea hapohapo kwenye 50, basi feni zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima, usiku kucha, inaudhi kuliko mvumo. Ikikutokea toa hiyo, weka feni zizunguke polepole muda wote, asilimia 30 hivi. Hutasikia kitu.

Sniper_Mbezi

Nimepiga hesabu ya umeme wa Luku nione kama mna hoja. Toka wati 185 kwenda 115 ni tofauti ya 70. Masaa manne kila siku, siku 30, ni uniti 8 na pointi nne. Kwa shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti ni kama elfu tatu kwa mwezi. Yaani laki sita inarudi baada ya karibu miaka 17. Nimemaliza.

Bint_Malindi

Kaka hakuna aliyesema anatafuta faida ya umeme. Hedifoni zako za kitambaa zinarudi baada ya miaka mingapi?

Sniper_Mbezi

😂😂 Sawa dada nimekaa. Ila nimeenda kuangalia yangu kwa sababu ya huu uzi, inasoma 88. Fundi hizo skrubu ni nyota au msalaba?

fundi_bodi

Msalaba mdogo, bisibisi saizi ya PH0 au PH1. Ukikuta skrubu moja ina stika juu yake ujue ukiitoboa warranti inaondoka, kama ni mpya bado peleka ulikonunua.

Mtoto_wa_Tabata

Fundi nimeamua nakaa na hii, nimeagiza feni. Hela nabaki nayo kwanza.

Ila sasa kuna kitu kingine. Tangu kadi inyamaze nasikia tik, tik, tik, kimya kidogo, af tik tik tena, inatoka chini mbele ya kesi sio kwenye kadi. Nimezima feni zote kwa kidole moja moja bado inasikika. Ilikuwepo siku zote nilikuwa siisikii au imeanza jana? Ni koili hizo za chenene?

fundi_bodi

Chini mbele ndipo inapokaa hard disk yako ya kuzunguka, ile ya kuhifadhi mafaili?

Mtoto_wa_Tabata

Ndiyo, ya TB 1, ya mtumba pia. Picha zote za send-off ya dada ziko humo.

fundi_bodi

Acha kucheza, hiyo tik tik inaweza kuwa diski inakufa. Kopi hizo picha sasa hivi, usizime mashine kwanza. Ukimaliza ndio uje tuongee.